Ukurasa wa Mia na Kumi na Tatu

Usiitafute nchi hii kwenye ramani. Ramani yake ipo, tena nzuri, imechorwa kwa rangi nne, ila imelala mezani kwa mkubwa fulani ikisubiri sahihi, na mkubwa mwenyewe yuko safarini. Tuseme tu kwamba ni nchi ya amani, yenye mto mmoja, na yenye vitabu vya polisi kuliko nchi yoyote iliyowahi kuwa na polisi.

Habari hii ya vitabu ilianza kwa nia njema, kama yanavyoanza mabaya mengi. Askari mmoja mstaafu aliandika kitabu juu ya kazi yake, kikampendeza Rais, naye Rais akasema mbele za watu, "Laiti askari wote wangekuwa kama huyu." Katika nchi ile maneno ya Rais hayaachwi yakaanguka chini. Kufika Ijumaa ilikuwa sheria: askari hapandi cheo ila kwa kurasa. Kurasa mia, koplo. Kurasa mia mbili, sajini. Mwenye juzuu tatu, gari na dereva.

Tangu hapo wezi wakapata nafasi ya kupumua, maana polisi walikuwa wakiandika. Kikatoka *Firimbi na Mimi*, juzuu ya kwanza hadi ya tano. Kikatoka *Nilivyomkamata Mwizi Aliyekuwa Amekwishakamatwa*. Kamishna mmoja akatoa *Lindo Refu*, ambamo anaeleza kwa kurasa mia tatu zamu moja ambayo hakikutokea kitu, na waliokisoma wanasema hakuficha chochote.

Mwishowe ikaundwa Wizara ya Utayari, nayo ikaweka kitabu kimoja juu ya vyote: *Mwongozo wa Taifa wa Kazi za Polisi na Kujiandaa na Maafa*. Kurasa mia tatu na ishirini, jalada gumu la buluu, nakala moja kwa kila kituo, ndani ya kabati la kioo lililochongwa kwa kipimo cha kitabu chenyewe. Na sheria yake ilikuwa fupi, hata mtoto aliijua: janga lisilo na ukurasa halijatokea.

Ndiyo maana katika nchi ile ukiingia kituoni unatweta, khanga imekudondoka, kiatu kimoja hakionekani, askari hakuulizi una nini. Anakwambia, "Karibu. Ukurasa wa ngapi?"

*

Siwema alikuwa mshona vitabu katika Idara ya Uchapaji. Kazi yao ilikuwa hivi: karatasi kubwa ikishachapwa hukunjwa na kukunjwa tena mpaka ikawa kijitabu cha kurasa kumi na sita, nacho wao wenyewe wakikiita mkunjo. Mikunjo ishirini ikipangwa, ikashonwa kwa sindano na uzi, ikapakwa gundi mgongoni, umepata Mwongozo. Wanawake sita walikaa benchi moja kutoka asubuhi, na mdogo wao wote alikuwa Siwema. Alikuwa amesoma masomo ya jioni, mtoto mapajani na kalamu mkononi, na masomo hayo yalimwachia maradhi ambayo wenzake hawakuwa nayo. Alisoma alichokishona.

Mkunjo alioupenda ulikuwa wa nane, unaoanzia ukurasa wa mia na kumi na tatu: Mafuriko. Uliandikwa na Koplo Mbwana, mzee aliyekaa miaka ishirini na miwili kwenye boti ya polisi akivuta watu majini kwa mikono yake. Huyu hakupanda cheo hata siku moja, kwa kuwa yote aliyokuwa nayo ya kusema yaliishia kurasa kumi na sita. Sura yake ilianza hivi: *Maji hayangoji. Ukimaliza kusoma sentensi hii, inuka.*

Siwema aliijua sura ile kwa moyo kama mwingine anavyojua dua. Alikuwa na sababu. Alikaa Kidimbwini, mtaa wa bondeni kabisa kando ya Mto Mpole, yeye na binti yake Kibibi wa miaka minne na mama mkwe wake, Bi Tausi. Mumewe Shomari, dereva wa lori, alikuwa mpakani, mwezi wa nne sasa, akisubiri lori lipigwe muhuri.

Wiki moja kabla ya Mwongozo kuzinduliwa, Waziri wa Utayari, Mheshimiwa Dakta Tambarare, alikuja mwenyewe kiwandani na watu kumi na wanne wa kumshikia mkoba.

"Dibaji," alisema, "mtu huisoma akiwa bado na usingizi. Hitimisho hulisoma akiwa amekwisha kuchoka. Mimi ninataka Neno la Katikati."

Wale kumi na wanne wakaandika: Neno la Katikati.

Lilikuwa na kurasa kumi na sita kamili, pamoja na picha. Lakini makabati ya kioo yalikwisha kuchongwa, na mkunjo ukiongezwa kitabu hakiingii. Basi mkunjo mmoja utoke. Kamati ikakaa siku mbili. Moto hautoki, kwa kuwa Zimamoto wana bendi yao na wangesusa sherehe. Ukame hautoki, kwa kuwa Waziri mwenyewe ndiye anayegawa matangi ya ukame, na picha zinapendeza. Tetemeko halitoki, kwa kuwa kuna mzungumzaji alikwisha kualikwa. Mjumbe mmoja akachungulia dirishani, akasema, "Mbona mwaka huu mvua zenyewe hakuna?" Wakapiga makofi.

Siwema alikwenda kwa msimamizi wa benchi, Mzee Saburi. "Mzee, wanatoa mafuriko. Sisi tunakaa Kidimbwini."

Mzee Saburi alikuwa na miaka arobaini kwenye gundi, na vidole vyake havikufunguka tena sawasawa. "Mwanangu," alisema, "sisi ni sindano. Sindano haiulizi nguo itavaliwa na nani."

Basi Siwema akashona. Nakala elfu nne zilitoka katika benchi lile, na nyingi zilipita mkononi mwake mwenyewe, mkunjo wa saba, kisha picha ya Waziri, kisha mkunjo wa tisa. Mikunjo elfu nne ya Koplo Mbwana, iliyokwisha kuchapwa na kukunjwa, ikarundikwa stoo na kufunikwa turubai.

*

Mwezi wa tatu mvua ikaja, na haikuwa imesoma uamuzi wa kamati. Ilinyesha siku ya kwanza, ikanyesha siku ya pili. Siku ya tatu saa nne asubuhi simu ya Siwema ikaita mfukoni mwa aproni.

"Siwema, mwanangu, usitishike," alisema Bi Tausi, kwa sauti ya mtu aliyetishika. "Maji yameingia ndani. Yamefika kitandani. Kibibi nimempandisha juu ya kabati."

"Mpe simu, mama."

"Mama," alisema Kibibi, "kuna samaki chumbani. Bibi anasema nisimshike."

"Usimshike. Kaa hapo hapo, mama yangu, usishuke. Nakuja."

"Utaniletea maandazi?"

"Nitakuletea."

Hakuaga mtu. Kituo cha polisi kilikuwa mlimani, hatua mia tatu kutoka kiwandani, na ukisimama kwenye baraza yake unaiona Kidimbwini yote. Uani palikuwa na boti. Boti nzima, nyekundu, ndiyo ile iliyopigwa picha ya jalada la Mwongozo, imeandikwa *Mwokozi*. Imewekwa juu ya mawe, imefungwa mnyororo kwenye mlingoti wa bendera, na pembeni pake wamepanda maua ya rangi mbili. Siwema aliipita karibu mpaka aproni ikagusa ubavu wake.

Zamu ilikuwa ya Sajini Pazi, mtu mnene wa sura njema, ambaye wakati huo alikuwa akiandika *Meza ya Mapokezi: Maisha Yangu*. Zilikuwa zimembakia kurasa arobaini awe Inspekta.

"Karibu, dada. Ukurasa wa ngapi?"

"Mia na kumi na tatu," alisema Siwema. Alijua. Mkono wake mwenyewe ndio uliouruka wakati wa kushona. Lakini mama aliyetoka kuzungumza na mtoto aliye juu ya kabati hukijaribu hata kile anachojua hakipo.

Sajini akavaa glavu nyeupe, maana Mwongozo haushikwi hivihivi. Akafungua kabati, akapekua, akafika. Akasimama wima na kuipigia saluti picha ya Waziri. Kisha akasoma: "'Na ndiyo maana nasema, ndugu wananchi, maji ni uhai, na asiyeyapenda maji hakuupenda uhai.' Dada yangu, hapa pana Neno la Katikati la Mheshimiwa. Wewe shida yako nini?"

"Mafuriko."

"Mafuriko hayamo."

"Sajini, tazama dirishani."

Sajini Pazi akatazama. Kule chini mapaa ya Kidimbwini yalikuwa yametapakaa juu ya maji ya kahawia kama sinia zilizosahauliwa kwenye beseni.

"Naona," alisema taratibu. "Lakini kuona ni jambo langu binafsi."

"Mtoto wangu ana miaka minne. Yuko juu ya kabati na bibi yake mzee. Nakuomba ufunguo wa boti tu, nitasukuma mwenyewe."

"Wallahi nakuonea huruma mpaka hapa," alisema, akajigusa koo. "Nami nina watatu. Lakini nikiitoa boti bila ukurasa, nimeiba boti. Na wizi wa mali ya polisi upo, mia mbili na sita. Huo hawakuusahau."

Siwema aliegemea meza. Akili zilimwenda mbio, zikipitia mkunjo mmoja mmoja kama alivyozoea kuipanga. "Moto upo?"

"Moto upo. Arobaini na moja."

"Basi Kidimbwini kuna moto."

Sajini hakuwa mjinga. Alimtazama kitambo, akatazama dirishani tena, akaandika: *Moto.*

*

Zimamoto walifika kwa dakika ishirini, king'ora juu, bendi nyuma. Gari likasimama pale barabara inapozama, na afande wao akashuka, akashika kiuno, akaangalia maji yanayopita na milango ya watu.

"Nani ameuzima?" aliuliza.

"Afande, mle ndani kuna watoto," alisema Siwema. "Nipeni ile ngazi. Nipeni hata kamba."

"Mama, nakuuliza moto. Umezimika, haujazimika?"

Nyuma ya Siwema watu wa mtaa walikuwa wamejaa ukingoni, khanga zilizolowa vichwani, wakiwaita jamaa zao kwa majina.

"Umezimika," alisema Chande, muuza mkaa wa jirani, kwa uchungu tu.

"Haya ndiyo mambo!" Afande akawageukia wanabendi. "Mnaona? Wananchi wanajizimia wenyewe. Huu ndio utayari."

Bendi ikapiga wimbo mfupi. Siwema alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, na ilibidi vijana wawili wa Zimamoto wamfungue kidole kimoja kimoja. "Ngazi ni ya moto, dada," walimwambia, nao wakionekana wanaona haya. Gari likageuza.

Simu ikaita. "Tuko juu ya bati," alisema Bi Tausi, na upepo ukisikika. "Nimemfunga mgongoni kwa khanga. Siwema, mwanangu, njoni na chochote. Hata mlango..." Kisha ikakatika, na alipopiga tena akajibiwa na yule mwanamke wa mtandao mwenye sauti ya upole kuliko watu wote nchini.

Alipanda mlima mara ya pili kwa miguu mitupu. Kila hatua alikuwa akiuona mkunjo wa saba mbele ya macho, ukurasa wa tisini na saba, Ukame. Alikuwa ameushona mara nyingi hata angeweza kuusoma kwa vidole. *Taarifa ya ukame ikipokelewa, ndani ya nusu saa lipelekwe boza moja la maji, na matangi kumi ya plastiki, matupu, wagawiwe wakazi kwa sahihi.* Matangi matupu, tena ya plastiki.

"Sajini," alisema, akashikilia mlango ili asianguke, "Kidimbwini kuna ukame."

Sajini Pazi akainua uso. Polepole, kama mtu anayewashiwa taa chumbani, akaelewa.

"Ukame!" akasema kwa nguvu, ili na waliomo chumba cha ndani wasikie. "Tisini na saba! Huo upo, tena wa haraka. Jaza fomu, dada. Mara ya mwisho kuona maji ni lini?"

"Zamani," alisema Siwema, na maji yakimtiririka kiwiko yakaanguka juu ya fomu.

"Dalili za kiu?"

"Kubwa."

"Mito, visima?"

"Imekauka."

Wino ulikuwa umeanza kukimbia karatasini. Sajini akapiga muhuri upesi, kabla neno "imekauka" halijaoshwa lote.

*

Boza likaja. Dereva akachungulia nje, akautazama ule ukingo, akamtazama askari aliyefuatana naye. "Afande, niyamwage wapi?"

"Ulipoandikiwa."

"Nimeandikiwa hapa."

"Basi."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba, mbele ya macho ya mtaa mzima, Serikali ilifungua bomba na kumimina lita elfu kumi za maji safi ndani ya mafuriko. Mto Mpole haukutambua kama umeongezewa. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alikaa chini kwenye matope na kuanza kulia kwa sauti nyembamba, na askari akaandika kwenye daftari lake: *Wananchi wamefurahi hadi kutoa machozi.*

Siwema alitia sahihi ya tangi namba nne. Chande alikuwa amekwishalilaza ubavu, na kwa panga la kupasulia mkaa akaanza kulipasua katikati.

"We! Hiyo mali ya ukame!" alipiga kelele askari.

"Ndiyo tunaiandaa kwa ukame," alisema Chande bila kuinua kichwa.

Nusu ya tangi ilielea kama kifuu cha nazi. Wakaingia wawili, Siwema mbele na Chande nyuma, makasia yao vipande viwili vya ubao wa kitanda cha mtu. Kila walipovuta, beseni lile lilitaka kuzunguka badala ya kwenda. Walipita juu ya uzio wa shule. Walipita juu ya duka. Siwema hakutazama chini, alitazama bati moja tu, lenye viraka vitatu vya buluu, na juu yake mwanamke mfupi aliyechuchumaa, mgongoni ana kichwa kidogo kimechomoza.

"Mama!" aliita Kibibi. "Yule samaki ametoka mwenyewe!"

Bi Tausi aliifungua khanga mgongoni, akamtelemsha mtoto. Siwema alipompokea beseni likainama, maji yakaingia kama ndoo nzima.

"Mama, panda," alisema Siwema.

"Litazama."

"Panda, mama, tutabanana."

"Siwema." Bi Tausi alisema jina hilo kama alivyokuwa akilisema jikoni, pale mkwe alipotaka kubishana juu ya chumvi. "Mpelekeni mtoto, mrudi mnichukue. Mfunike na hii. Na mkalishe chini, asisimame. Anapenda kusimama, huyu."

Akawatupia khanga yake. Akabaki na gauni, magoti kifuani, mkono mmoja umeshika ukingo wa bati.

Walikwenda. Walimshusha Kibibi mikononi mwa yule mwanamke aliyekuwa akilia. Waligeuza papo hapo, Chande akihema kama ng'ombe wa plau, na Siwema akipiga kasia kwa ubao mpaka viganja vikachubuka.

Bati lenye viraka vitatu halikuwapo.

Chande alilizungusha beseni mahali pale mara moja, mara mbili, mara nne. "Bi Tausi!" waliita. "Bi Tausi, eeh!" Maji yalipita na sauti yake ileile moja.

*

Alionekana siku ya tatu chini ya daraja, na mkono ulikuwa bado umefumba.

Kuzika kunataka cheti, na cheti kinaandikwa kituoni. Sajini Pazi aliandika jina, umri, mtaa. Alipofika palipoandikwa *Sababu*, kalamu ikasimama.

"Andika maji," alisema Siwema.

"Dada yangu."

"Amekufa maji. Andika maji."

"Mafuriko hayana ukurasa. Siku ile sajili ina moto uliozimwa na wananchi, na ina ukame." Hakumtazama. "Na moto haukuua mtu, imeandikwa."

Nje mtu alikuwa akimwagilia yale maua ya boti.

Sajini akaandika neno moja fupi, akaigeuza karatasi ili aione. *Kiu.*

Siwema alitia sahihi. Usimshangae. Shomari alikuwa bado mpakani na lori lake, kule nje Chande na wanaume wanne walikuwa wamesimama na jeneza begani, na maiti hangoji kamati.

"Nisamehe," alisema Sajini Pazi, kwa sauti ambayo hata yeye labda hakuisikia.

Jioni ile redio ilimtangaza Mheshimiwa Dakta Tambarare. Ukame wa Kidimbwini, alisema, ulikomeshwa kwa saa nne, jambo ambalo halijapata kutokea duniani. "Wananchi walikosa maji, tukawapelekea maji, na sasa wanayo mengi mpaka mengine yamebaki!" Makofi yalichukua muda mrefu kuliko habari yenyewe.

Kibibi alisikiliza huku amekumbatia khanga ya bibi yake. "Mama," aliuliza, "Bibi alikuwa na kiu?"

Siwema alizima redio. Akaenda kumkandia maandazi aliyomwahidi, siku tatu zimepita sasa, na unga ule hakuutia maji mengi, machozi yalitosha.

*

Mafanikio yale yalitaka toleo la pili. Makaratasi yakafika benchini mwezi wa nane, na wanawake sita wakatia nyuzi kwenye sindano. Siwema alifika mkunjo wa saba. Ukurasa wa tisini na nane uliongezwa mfano, ndani ya kisanduku cheupe: *Katika ukame wa Kidimbwini alipotea mkazi mmoja tu, bibi kizee, aliyekufa kwa kiu kwa kuchelewa kujiandikisha.*

Sindano ilimwingia kidoleni mpaka ikatokea upande wa pili. Hakulia. Tone la damu likaangukia neno "kuchelewa".

Saa ya chakula wenzake walipokwenda kwa mama ntilie, yeye alikwenda stoo. Akainua turubai. Mikunjo ya Koplo Mbwana ilikuwapo yote, imeingia vumbi kidogo, elfu nne kamili, maana katika nchi ile kutupa karatasi ya Serikali kunataka kibali na kibali kilikuwa kinasubiri sahihi.

Akachukua mmoja, akarudi nao. Akalifungua Neno la Katikati, mkunjo wa nane, palepale katikati yake uzi unapopita, akauingiza Mafuriko ndani, mkunjo tumboni mwa mkunjo. Akashona vyote viwili kwa uzi mmoja. Ukifungua mia na kumi na tatu unamkuta Waziri na picha yake. Ukigeuza majani manne, hotuba ikiwa imefika "ndugu wananchi" ya tisa, unakuta ukurasa wa mia na kumi na tatu mwingine. *Maji hayangoji.*

Nani angeona? Katika nchi nzima hapakuwa na mtu aliyekwisha kusoma hotuba ile mpaka jani la nne, aliyeiandika akiwemo.

Wenzake waliporudi hakuwaambia kitu. Aliwaonyesha. Bi Mkubwa wa benchi, ambaye hakujua kusoma ila alijua kuzika, aliutazama uzi, akamtazama Siwema, akasema, "Nipe fungu langu." Wakashona wote sita.

Mzee Saburi alikuja siku ya pili. Akakinyanyua kitabu, akakipima kwa vidole vyake visivyofunguka.

"Kimenenepa," alisema.

Wanawake sita wakainamia sindano zao.

"Hakitaingia kabatini." Akakipeleka kwenye mashine ya kubana, akazungusha gurudumu, akazungusha tena, akaliegemea na kifua. Akakitoa, akakipima. "Unyevu tu," alisema. "Mwaka huu hewa ina unyevu." Na kabla ya kuondoka akamwekea Siwema mezani vibunda viwili vya uzi ambavyo hakuna aliyeviomba.

*

Mvua ikarudi mwaka wa pili, mwezi uleule. Safari hii Siwema hakuingoja siku ya tatu. Siku ya kwanza tu, maji yalipoulamba mlango, alimfunga Kibibi mgongoni kwa khanga ya marehemu akapanda mlima. Lakini wengine hawakuwahi. Chande alibaki bondeni kuwapandisha watu juu ya mapaa, na mama yake kiziwi alikuwa miongoni mwao.

Sajini Pazi alikuwa mezani. Kurasa zake zilikuwa zilezile arobaini pungufu. Watu walisema tangu mwaka jana alikuwa hajaandika hata mstari.

Alimtambua. Kinywa chake kilifunguka kusema lile neno la kawaida, kikashindwa.

"Mia na kumi na tatu," alisema Siwema. "Kisha geuza majani manne."

Sajini akamtazama. Akafungua kabati la kioo bila kuvaa glavu. Kitabu kilikuwa kimebana, ikabidi akivute kwa mikono miwili. Akafika kwenye picha, na mkono wake haukupanda kupiga saluti. Akageuza jani moja. La pili. La tatu. La nne.

Siwema aliona midomo yake ikisoma. Aliyajua maneno yale, akayafuata pamoja naye kimyakimya, mpaka nukta. Sajini akarudi mwanzo wa sentensi, akaisoma mara ya pili, kama mtu anayehofia kuwa itabadilika.

Kisha akainuka. Kiti kikaanguka nyuma yake, akakiacha. Funguo zililia mkononi mwake, na alipotoka uani aliyakanyaga yale maua ya rangi mbili kwa viatu vyote viwili, akaita askari wa chumba cha ndani kwa majina. Mnyororo ulianguka chini kwa kishindo.

"Mama," alisema Kibibi mgongoni, akinyoosha shingo kuiangalia boti nyekundu ikitelemka mlimani juu ya mabega ya polisi, "wanakwenda kumchukua Bibi?"

Siwema aliikaza khanga kifuani. Hakutaka kumdanganya.

"Wanakwenda kumchukua bibi wa mtu," alisema.